Familia Iliyoimba Mpaka Mpakani



Leo nawaletea habari ya familia moja ya shambani. Wewe mwenye kwaya ya nyumbani, baba kwenye gitaa, mama akianzisha, watoto wakiitikia, hii ni yako.

Huko Virginia, Marekani, kuna bonde linaitwa Poor Valley, yaani Bonde la Umaskini. Jina lenyewe linatosha! Aliishi humo A.P. Carter na mkewe Sara. A.P. alizunguka akiuza miche ya miti ya matunda. Maybelle, binamu yake Sara, aliolewa na ndugu yake A.P. Wakawa watatu wa kuimba. Watu wa mjini waliwaita watu wa milimani kwa jina la dharau, hillbilly. Ati washamba. Si unajua maneno hayo?

Agosti 1927 kampuni ya santuri ya Victor ilikuja mji wa Bristol kutafuta waimbaji. A.P. aliazima gari la ndugu yake, na inasimuliwa kwamba alikubali kulipalilia shamba lake la mahindi kama malipo. Maybelle alikuwa na miaka 18, tena mjamzito. Walirekodi nyimbo 6, kwa dola 50 kila wimbo.

Wiki hiyohiyo, mji huohuo, alirekodi pia Jimmie Rodgers. Santuri zake zilifika mpaka kwetu huku. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwakuta Wakipsigis wa Kenya wakimwimba kwa jina la Chemirocha, wakisema ni mtu nusu, swala nusu. Wimbo hauombi pasipoti.

Mwaka 1938 akina Carter wakaingia redio ya XERA. Mitambo yake ilikuwa Mexico, ng'ambo ya mto, mbali na sheria za Marekani zilizobana nguvu za redio, na sauti yao ikasikika karibu Marekani nzima. Sisi wa mpakani tunaelewa: askari anasimamisha boda boda, lakini redio inapita tu.

Lakini ngoja, mpendwa. Kuna mambo mawili yalibaki nyuma ya sauti ile tamu.

La kwanza ni nyumba. A.P. alikuwa anaondoka siku nyingi kutafuta nyimbo za wazee. Sara akabaki na watoto, kuni na shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakatengana, baadaye wakaachana kabisa. Waliendelea kuimba pamoja redioni, na msikilizaji akidhani ni mume na mke. Miaka ya 1940 kundi likavunjika. A.P. akarudi bondeni akafungua duka, akafariki mwaka 1960. Heshima kubwa ya muziki wao ilikuja mwaka 1970, yeye hayupo.

La pili ni Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi, aliyepoteza mguu kiwandani. Alizunguka na A.P.: huyu akiandika maneno, Riddle akishika sauti kichwani. Maybelle naye alijifunza kwake namna za kupiga gitaa. Lakini kwenye santuri jina lililoandikwa ni la Carter.

Sasa nakuuliza wewe. Huyo mzee wa tongoli aliyekufundisha sauti, jina lake liko kwenye rekodi yenu? Mpiga ngoma amepewa fungu lake, au mnamwambia anamtumikia Mungu tu? Kaeni chini mpatane kabla ya kwenda studio, muandike kwenye karatasi, kila mtu atie sahihi.

Na wewe baba unayeitwa kila mkutano, Busia Ijumaa, Mbale Jumapili: mama watoto anabeba nini peke yake ukiwa jukwaani? Muulize leo. Usingoje aimbe na wewe huku moyo umeshaondoka.

Mungu awabariki, na nyimbo zenu zivuke mipaka yote.