Umeme Ukiunguza Kompyuta, Tuchunguze Kabla ya Kutupa



Umeme uliokatika ukirejea kwa nguvu na kompyuta ya mezani ikagoma kuwaka, msiitupe kabla ya kuichunguza. Kwanza, jaribuni soketi na waya kwa kifaa kingine. Vikiwa vizima, fundi aunganishe pawasaplai nyingine, kwa kuwa hiyo ndiyo hupokea pigo la kwanza. Feni zisipozunguka hata hapo, ubao mkuu ndio wa kushukiwa.

Daftari za vikundi na mikopo yenu zimo kwenye diski, ambayo mara nyingi husalimika na kusomeka katika kompyuta nyingine. Pawasaplai isifunguliwe nyumbani. Huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.