Tundu la Kufungia, Tundu la Kutokea

Anayemwambia bodaboda wa Kampala ampeleke Soko la Mtakatifu Balikuddembe hutazamwa kwanza. Anayesema Owino ameshafika. Soko lilianza mwaka 1971 kando ya uwanja wa Nakivubo. Limeungua na kuinuka tena, moto wa 2009 ukiwa mmoja tu kati ya mikubwa, na jina lake la mtaani halijaungua hata mara moja. Owino ni jina la Kijaluo: hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Kwa mhadhara unaohusu nyoka, ni vigumu kupata mlango mzuri zaidi wa kuingilia.

Hata hivyo, mhadhara huu haukwenda Owino kutafuta nyoka. Ulikwenda kutafuta vyombo vyake: mabeseni, maboksi, vyungu, mataulo kuukuu, mdalasini wa kupima kwa kijiko. Sababu yake itaonekana mbele. Kwanza neno.

Kiswahili kina neno moja, tundu, linalofanya kazi mbili zinazopingana. Tundu ni kizimba: tundu la kuku, tundu la ndege, mahali kiumbe anapofungiwa. Tundu pia ni upenyo: tundu la sindano, tundu la panya, mahali kitu kinapopitia. Nyoka anayefugwa huteseka pale mfugaji anapompa tundu la kwanza akamnyima la pili. Na upenyo huo si lazima uelekee nje ya nyumba. Ni njia yoyote ambayo nyoka anaweza kuichagua mwenyewe: apande au ashuke, ajifiche au aote joto, aingie majini au abaki mkavu.

Wapo wanaouliza nyoka ana akili gani hata achangamshwe. Swali ni la haki. Chatu, ambaye Waganda humwita ttimba, anaweza kukaa amejikunja asubuhi nzima kama tairi lililotupwa uani, na anaweza kumaliza miezi bila kula. Mwili wake hauchomi chakula ili ujipashe joto. Huazima joto kwa jua, kwa jiwe, kwa mchanga. Kutulia kwake ni ubanaji wa matumizi. Uvivu haumo. Ndani ya utulivu huo ulimi unatoka na kurudi, unakusanya harufu na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilicho kwenye paa la kinywa. Kando ya midomo yake vimo vitundu vidogo vinavyohisi joto la panya gizani. Naam, matundu mengine hayo. Mnyama mwenye vifaa vyote hivyo, akiwekwa kwenye sanduku lisilo na harufu mpya wala tofauti ya joto, ni kama mtu aliyepewa redio bila stesheni.

Ushahidi upo, na si wa jana. Mwaka 1999 David Holtzman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, waliwaweka nyoka wachanga wa mahindi kwenye uwanja wa duara wenye mwanga mkali. Hawa ni nyoka wa Marekani wasio na sumu, wanaopendwa sana na wafugaji. Sakafuni palikuwa na matundu, na moja tu ndilo lililoelekea mafichoni. Siku za mwanzo nyoka walihangaika. Kadiri mazoezi yalivyoendelea, walilifikia tundu sahihi kwa muda mfupi zaidi. Walikuwa wamejifunza ramani.

Mwaka 2006 Lori Almli na Gordon Burghardt wa Chuo Kikuu cha Tennessee waliwalea nyoka-panya kwa namna mbili, wengine kwenye vizimba vitupu na wengine kwenye vizimba vyenye vitu vya kupanda, kujificha na kuchunguza. Waliokulia kwenye vizimba vyenye vitu walikuwa wepesi zaidi wa kuzoea hali ngeni na wa kutatua kazi waliyopewa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, wakawapa nyoka wa mahindi nafasi ya kuchagua kati ya kizimba cha kawaida na kile kilichojaa mambo. Nyoka walichagua cha pili. Aliyekuwa akisubiri nyoka aseme, nyoka amesema.

Kuna jambo jingine la kizimba ambalo limewagawa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Ni urefu wake. Kwa miaka mingi vitabu vya ufugaji vilirudia kwamba nyoka hupenda pafinyu na kwamba kizimba kifupi kuliko nyoka kinatosha, kwa kuwa atajikunja tu. Clifford Warwick na wenzake walichapisha uchunguzi wao mwaka 2019, baada ya kuwatazama nyoka wengi walio kifungoni. Waliona kwamba nyoka hujinyoosha, tena mara nyingi kuliko ilivyodhaniwa, pale wanapopewa nafasi. Hoja yao ilikuwa rahisi: kizimba kimruhusu nyoka anyooke mwili mzima. Ni ajabu kwamba jambo hilo lilihitaji kutetewa. Hakuna anayefuga mbuzi kwenye zizi ambalo mbuzi hawezi kusimama.

Anayeumizwa zaidi na hesabu hii ni Mwafrika mwenzetu. *Python regius* ni chatu mdogo, mara nyingi wa mita moja hadi moja na nusu, ambaye akitishwa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Kwa tabia hiyo Wamarekani humwita chatu-mpira. Makao yake yanaanzia Senegali na kuishia hapa Uganda, Kaskazini-Magharibi, upande wa West Nile. Maelfu kwa maelfu wamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kuwa vipenzi vya nyumbani ng'ambo. Wengi huko huishi kwenye kabati la droo za plastiki: droo moja, nyoka mmoja, bakuli moja la maji. Watafiti wa Munich waliulinganisha mfumo huo na vizimba vipana mwaka 2021, nao wakaona tabia ambazo kwenye droo haziwezekani kabisa, kama kupanda. Mfugaji wa droo atajitetea kwamba nyoka wake wanakula na wanazaana. Kuku wa kizimbani pia wanataga.

Afrika Mashariki ilikuwa na jibu lake kabla ya maabara. John Roscoe, mmisionari aliyeishi Buganda miaka mingi na kuchapisha kitabu chake *The Baganda* mwaka 1911, alieleza hekalu la Selwanga, chatu mtakatifu wa Buddu, kusini mwa Buganda. Lilikuwa nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi. Mwanamke mmoja alikabidhiwa kazi ya kumtunza, akimnywesha maziwa. Ndani paliwekwa gogo na kigoda, vikatandikwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, na chatu akajilaza juu yake. Na ukutani palikuwa na tundu la mviringo. Chatu alilitumia atakapo kutoka kwenda mtoni, akawinda, akanywa, akarudi.

Maziwa tuyaweke pembeni, kwa kuwa si chakula cha nyoka, ingawa nyoka mwenye kiu atakunywa chochote cha majimaji. Linalobaki linastahili kutazamwa vizuri. Gogo la kujilaza lililoinuka kutoka sakafuni. Gome lenye ukwaruzo, linalosaidia ngozi kubambuka wakati wa kujivua. Maji karibu. Mlishaji mmoja anayejulikana kwa harufu yake. Na tundu la kutokea. Waliomtunza Selwanga walimcha, hawakumfanyia utafiti, lakini makao waliyompa yanazishinda droo nyingi za leo.

Sasa Owino. Mtu mwenye chatu mdogo halali na noti chache za shilingi anaweza kupita vichochoroni mle na kutoka na karibu kila kitu anachohitaji. Kwa wauza plastiki kuna beseni pana la kufulia: likijazwa maji ya vuguvugu kina cha vidole vitatu, nyoka ataogelea, na kuogelea hukaza misuli ambayo sakafu ya kioo haiigusi. Kwa wauza mitumba, belo zinapofunguliwa asubuhi, hubaki taulo zisizo na mnunuzi. Zikiviringishwa zinakuwa mapango. Maboksi ya viatu yanapatikana bure. Boksi hukatwa matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, halafu hujazwa karatasi zilizokunjwakunjwa, na mara moja moja kipande cha panya aliyekufa hufichwa ndani. Chungu kilichovunjika ukingo ni pango bora kuliko pango la plastiki linalouzwa ng'ambo kwa bei ya mbuzi. Kwa wauza viungo kuna mdalasini na iliki: chembe kidogo tu, kwenye kitambaa, upande mmoja wa kizimba, kisha kitambaa kiondolewe kesho yake. Tawi la mpera halipatikani sokoni, lakini jirani yeyote mwenye mti atalitoa. Mpera ni mgumu, wala hautoi utomvu wa kunata. Maranda ya mwerezi yasinunuliwe hata yakinukia vizuri. Mafuta yake huwadhuru nyoka.

Vyote hivyo havina maana vikipangwa mara moja na kuachwa. Siri iko kwenye kubadilisha kidogo. Leo tawi limelala, wiki ijayo limesimama. Boksi linahama kona. Mara moja, badala ya kumwekea panya mbele ya pua kwa koleo, mfugaji anamburuta panya aliyekwisha kufa juu ya tawi, nyuma ya chungu, kuzunguka beseni, kisha anamficha. Nyoka anaamka. Ulimi unaongeza kasi. Anapoteza njia kwenye beseni, anarudi nyuma hatua ambazo si hatua, anaipata tena nyuma ya chungu. Mlo ambao ungekwisha kwa sekunde tano unamfanyisha kazi robo saa, na kwa mnyama ambaye unene kifungoni ni ugonjwa wa kawaida, robo saa hiyo ni dawa. Panya awe amekufa kila mara. Panya hai akifungiwa na nyoka asiye na njaa humng'ata, na vidonda vyake ni vibaya.

Mambo mawili hayabadilishwi. La kwanza ni mafichoni, tena pawe pawili, upande wa joto na upande wa baridi, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto. La pili ni joto lenyewe. Usiku wa Kampala hushuka hadi karibu nyuzi 17, na chatu-mpira anahitaji kona ya kuotea yenye nyuzi 31 au 32 mchana na joto lisiloshuka chini ya 24 usiku. Taa au mkeka wa joto bila kidhibiti ni hatari. Nyoka wengi wameungua matumbo juu ya mikeka hiyo. Umeme ukikatika, chupa ya maji moto iliyofungwa taulo kuukuu la Owino itavusha usiku.

Na kumshika? Wasukuma wana ngoma ya nyoka, na mgeni wa Bujora, nje ya Mwanza, anaweza kuona chatu akivishwa shingoni huku watu wakishangilia. Ni sanaa ya kale na inastahili heshima, ila ngoma ile ni ya watu. Kumzungusha nyoka kwa wageni sebuleni si kumchangamsha. Akitoka mwenyewe na kutambaa taratibu mkononi, sawa. Akikaza mwili, akivuta kichwa nyuma, au akiwa amekula ndani ya siku mbili, arudishwe. Anayesugua pua kwenye kioo hadi itoke damu, au anayezunguka kuta zile zile saa nzima akisukuma kifuniko, hafanyi mazoezi. Anatafuta tundu.

Yote haya yanamhusu nyoka asiye na sumu na mfugaji mwenye ruhusa. Swila na kifutu si vipenzi vya nyumbani, na hakuna boksi la viatu litakalobadilisha hilo. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 haimruhusu mtu kuokota chatu shambani na kumweka chumbani; kumiliki mnyamapori kunahitaji kibali. Chatu wetu, mkubwa na mdogo, wako pia chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe. Aliyemkuta nyoka uani awaite wanaojua kazi hiyo. Barabara ya Entebbe ina Uganda Reptiles Village, inayopokea nyoka na kuwafundisha watu kuhusu wao, na mwisho wa barabara hiyo hiyo ipo bustani ya wanyama iliyoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Huko ndiko pa kwenda na watoto, na ndiko maswali ya mhadhara huu yanakopaswa kuulizwa kwa sauti: huyu ana urefu gani, kizimba chake kina urefu gani, na jana alifanya nini?

Kwa aliye na nyoka nyumbani tayari, kazi ya usiku wa leo ni moja. Achukue kamba ya sisali, asubiri nyoka anyooke, apime kutoka pua hadi mkia na kufunga fundo. Kisha aitandaze kamba hiyo sakafuni mwa kizimba. Ikilazimika kukunjwa, kesho Owino kuna mbao, kuna misumari, na kuna mafundi wanaofungua vibanda vyao asubuhi na mapema.