Safari za Familia Katika Kila Majira: Mazungumzo na Wazazi wa Arua na Koboko

Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya magendo, wizi wa ng'ombe na ajali za barabarani. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya matembezi ya familia, na baadhi yenu wamecheka kidogo. Hatuwalaumu. Kwetu mtu akisema anasafiri, jirani huuliza kwanza nani amefariki. Safari zetu ni za msiba, za arusi na za soko. Kutoka na watoto kwa nia ya kutembea tu huonekana kuwa jambo la wageni wenye kamera.

Sisi hatulioni hivyo, na sababu yetu ni ya kipolisi.

Kiangazi kilichopita mvulana wa miaka saba hivi aliletwa kituoni kwetu, jioni ya siku ya soko, akiwa amepotezana na shangazi yake. Tulimwuliza baba yake aitwa nani. Akajibu: "Baba." Na nyumbani ni wapi? "Kule kwenye mwembe." Alisema Kikakwa, na Kikakwa husemwa Uganda, Sudan Kusini na Kongo, hivyo hata lugha yake haikutuonyesha pa kuanzia. Shangazi alipatikana siku ya tatu, ng'ambo ya mpaka, sauti imemkauka kwa kulia. Mtoto yule hakuwa mjinga. Alikuwa hajapata kutoka kijijini kwake kabla ya siku ile, wala hapana aliyemwambia kijiji hicho chaitwaje.

Mtoto aliyetembezwa na wazazi wake huijua nchi yake, na akipotea huweza kusema atokako. Basi tuyatazame majira.

Kiangazi, tangu Desemba hadi Machi, ndiyo majira bora. Njia ni kavu, na sehemu yake kubwa shule zimefungwa. Tunao Mlima Wati upande wa Terego, na Mlima Liru upande wa Koboko. Wazee wa Kilugbara husimulia habari za mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao koo nyingi hujihesabu kuwa uzao wao. Mmoja hutajwa pamoja na Liru, mwingine pamoja na Wati. Mpelekeni babu pamoja na wajukuu, naye asimulie hapo chini ya mlima wenyewe. Magoti yakikataa, wapande vijana. Ondokeni alfajiri, chukueni maji ya kutosha, mwombeni mwenyeji awaongoze. Nyasi za kiangazi hushika moto upesi kuliko mbio za mtoto, kwa hiyo mkiona moshi upande unakotoka upepo, rudini. Wala msiwashe jiko la mahindi katikati ya nyasi.

Wenye nauli ya kufika Pakwach wako karibu na lango la Tangi la Hifadhi ya Murchison Falls. Wakati wa kiangazi nyasi ni fupi na wanyama husogelea maji, hivyo huonekana kwa urahisi. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa kutoka mbali, ila ni lazima aonyeshe kitambulisho. Tembo huonekana hata katika barabara kuu iendayo Karuma. Hapo tunawasihi: dereva asisimame, na mtoto asishushwe kupigwa picha.

Mvua zikianza, fanyeni matembezi mafupi. Huo ni wakati wa kumbikumbi, na sijui kama yupo mtalii anayefurahi kama mtoto mwenye kopo la kumbikumbi. Kuanzia Agosti hadi Novemba mvua huwa kubwa, na mito ambayo juzi mliivuka kwa miguu hujaa kwa saa moja tu. Maji yakifunika daraja, ngojeni. Wanaovuka Mto Nile kwa mtumbwi wadai jaketi la kuokolea maisha kwa kila mmoja, mtoto mchanga naye akiwamo. Nahodha asiye nayo mwacheni aende peke yake.

Ipo safari moja ifaayo majira yote, nayo ni barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92. Kwa asubuhi moja familia hutoka mpaka wa Kongo ikafika mpaka wa Sudan Kusini. Na huko Koboko pana Salia Musala, mahali zinapokutana nchi tatu. Waelezeni watoto kwamba eneo hili lilishikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909, likaingia Sudan mwaka 1910, na Uganda mwaka 1914. Babu mmoja aliweza kutawaliwa na serikali tatu asihame nyumba yake. Ndiyo sababu mna shangazi Ariwara na mjomba Kaya.

Kuwatembelea hao ni haki ya udugu, nasi hatuwazuii. Ila pitieni langoni. Njia za panya twazijua, na wanaowavizia wasafiri huko wanazijua kutuzidi. Ulizeni maafisa wa uhamiaji wa Vurra au Oraba karatasi zinazotakiwa, tena siku moja kabla, si mizigo ikiwa tayari kichwani. Chukueni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mtoto anayesafiri na asiye mzazi wake apewe barua ya wazazi yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC ya kwanza, na iandikwe namba ya simu. Vukeni mchana, mrudi mchana. Na familia ya watu watano haitoshi juu ya boda-boda moja, hata dereva akiapa kwamba jana alibeba sita.

Namba zetu za dharura ni 999 na 112. Maswali yenu tutayapokea sasa, lakini tungependa kuanza na hawa watoto wa mbele: kila mmoja asimame, atutajie jina la baba yake, la kijiji chake na la gombolola yake.