Viungo Vinauma, Kipimo Chasema Huna Ugonjwa

Leo tunazungumza nawe uliyepimwa baridi yabisi ukaambiwa huna, lakini vidole bado vinauma.

Chukua mfano wa mama mmoja hapa Kianjai, mwenye miaka 38. Kila asubuhi vidole vyake vimefura na kukakamaa. Hawezi kukamua ng'ombe mpaka jua lipande. Mikono yote miwili inauma. Akapimwa damu kwa kipimo kiitwacho RF, majibu yakasema hana. Akapewa tembe za maumivu, majirani wakamwambia ni baridi tu.

Msikilizaji, mwili hutengeneza kingamwili, yaani askari wa kupigana na viini vya magonjwa. Katika baridi yabisi, askari hao huwageukia wenyeji na kushambulia viungo. RF ni moja ya kingamwili hizo. Lakini kati ya wagonjwa 100, takriban 20 hadi 30 hawana RF. Tena mzee mzima, au mgonjwa wa kifua kikuu, anaweza kuwa nayo bila kuwa na baridi yabisi. Kwa hivyo RF peke yake haitoshi kuamua.

Kuna kipimo cha pili, anti-CCP, ambacho msingi wake ulielezwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 1998. Hiki huwatambua baadhi ya wale ambao RF imewakosa, na kikionyesha kingamwili, ni nadra kudanganya. Si kila maabara inacho; mara nyingine damu hupelekwa maabara kubwa.

Je, vyote viwili vikikosa? Bado unaweza kuwa mgonjwa. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani na Ulaya wa mwaka 2010 unamtaka daktari ahesabu viungo vilivyoathirika, aangalie vipimo vya ESR na CRP, na aulize kama maumivu yamepita wiki 6. Pia achunguze magonjwa yanayofanana nao, kama brusela, inayoletwa na maziwa mabichi.

Kwa nini tuharakishe? Kwa sababu mfupa ulioliwa haurudi. Tembe za maumivu hutuliza tu. Hazizuii kiungo kuharibika. Dawa kama methotreksati huzuia, lakini humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na mama mjamzito haruhusiwi kuitumia. Usijinunulie dukani.

Basi, ukikakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, na viungo vimefura kwa wiki kadhaa, rudi hospitali. Beba majibu ya zamani. Sema wazi: "Daktari, RF haikuonyesha kitu, lakini bado nimefura. Je, naweza kupimwa anti-CCP, au kupewa rufaa niende Meru mjini?" Hiyo ni haki yako.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hadi juma lijalo, kwaheri.