Timu Ivuke Mpaka: Vijana na Mpira wa Kikapu katika Ukanda wa Dhahabu



Katika kongamano moja la maendeleo ya vijana, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba migawanyiko ya vijiji vinavyozunguka migodi tunaikuza bure. "Wapeni vijana mpira," alisema, "mengine yatajipa." Ukumbi mzima ukampigia makofi. Mhadhara huu ni jibu langu kwake, na kwa wote waliopiga makofi siku ile.

Historia ya machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu mnaijua, sitaikariri. Itoshe kukumbushana kwamba Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwenye machimbo; mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa; mwaka 2017 likaja zuio la kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi, na ajira nyingi zikapotea. Kila tukio liliacha mstari wake ardhini. Leo Bugarama na Kakola, jirani na mgodi huo, utamkuta mwenye ajira ya mgodi na asiye nayo, aliyepata fidia na anayedai hakuipata, mwenyeji na mtu wa kuja aliyeifuata dhahabu, mkulima wa mpunga na kijana wa karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Watoto wao wanasoma darasa moja, lakini kengele ya mwisho ikilia kila mmoja anarudi upande wake.

Sasa tuipime hoja ya mwenzetu. Vijijini hoja hiyo ina sura moja inayojulikana, nayo ni bonanza. Mfadhili analeta mipira, seti mbili za jezi na kombe. Kijiji kinapangwa dhidi ya kijiji, au wafanyakazi wa mgodi dhidi ya wanakijiji. Kijana ambaye hadi jana alikuwa anasikia tu kwamba wale ng'ambo ni wapinzani wake, leo amevalishwa rangi ya kumthibitishia. Refa akikataa bao, uamuzi wake unaingia katika daftari lilelile la fidia na mipaka ya mashamba. Jioni mbuzi anachinjwa, picha zinapigwa, mfadhili anaondoka. Mpaka umevalishwa jezi, basi.

Mwenzetu atanijibu kwamba ushindani una afya yake. Nakubali, na hapo ndipo hoja yake inapovunjika, maana ushindani huleta heri au shari kutegemea mstari wake umepita wapi. Tazameni klabu zetu za soka, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936. Kelele za watani hawa wa jadi zinaijaza nchi nzima, lakini mstari wao unapita katikati ya sebule: baba ni Yanga, binti ni Simba, na Msukuma wa Kahama anamkumbatia Mmakonde wa Mtwara kwa sababu wote wawili wamevaa nyekundu ya Simba. Kisha tazameni Kenya. AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 ikibeba jina la Abaluhya, yaani Waluhya, na Gor Mahia mwaka 1968 ikabeba jina la mganga mashuhuri wa Waluo. Ushabiki wa klabu hizo umejengwa kwa miongo juu ya asili ya watu. Mpira ni uleule na dakika ni tisini zilezile. Kama mpira wenyewe ungekuwa na uwezo wa kuunganisha, ungefanya kazi ileile Dar es Salaam na Nairobi.

Mwanaanthropolojia Max Gluckman aliliandika jambo hili mwaka 1955: jamii hushikamana pale ugomvi wake unapokatana, mpinzani wangu katika shauri hili akawa mshirika wangu katika shauri lile. Wasukuma hawakumngoja Gluckman. Tangu karne ya 19 ngoma za Usukuma zina pande mbili, Bagika na Bagalu, zinazofuata waasisi wao Ngika na Gumha. Mavuno yakishaingia ghalani, pande hizo hucheza kwa wakati mmoja, kila moja kwenye uwanja wake, na anayeshinda ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Wanashindana kwa nyimbo, kwa mavazi, kwa wanyama na kwa dawa, wanakejeliana bila huruma, na majirani wa kijiji kimoja wanaweza kuwa pande tofauti. Wazee wetu walijua kwamba vijana lazima wawe na mpinzani. Wakahakikisha mpinzani huyo hapatikani kwa kufuata ukoo peke yake.

Mtaniuliza: kwa nini basi kikapu, wakati soka lipo kila kitongoji? Kwa sababu hiyohiyo, kwamba lipo kila kitongoji. Timu za soka zina wenyewe, zina historia na visasi vyake. Kikapu hakijachukuliwa na upande wowote. Ndugu wawili Wamarekani, Sean na Brendan Tuohey, walioanzisha shirika la PeacePlayers mwaka 2001, walifanya kazi Ireland ya Kaskazini, ambako mchezo wa raga umeegemea kwa Waprotestanti na soka la Kigaeli kwa Wakatoliki. Kikapu hakikuwa na kanisa, kwa hiyo watoto wa pande zote mbili waliweza kuingia timu moja bila yeyote kuonekana amewahama wenzake. Bugarama ina nafasi hiyo leo.

Naomba sasa mnivumilie nikae kidogo na andiko ninalolipenda kuliko mengi yaliyoandikwa kuhusu amani: kanuni kumi na tatu za James Naismith. Desemba 1891, mjini Springfield, Massachusetts, mwalimu huyu mzaliwa wa Kanada alikabidhiwa darasa la vijana kumi na wanane waliokwisha kuwashinda walimu wengine. Wakicheza ndani, waliumizana. Naismith alijiuliza ni kitu gani hasa huwafanya wachezaji waangushane, akaona ni kwa sababu aliyeshika mpira anaruhusiwa kukimbia nao. Basi akakataza kukimbia na mpira. Akaona tena kwamba goli lililo chini hukaribisha mashuti ya nguvu, akakiweka kikapu cha mapichi juu, futi kumi, yaani mita 3.05, urefu unaotumika hadi leo. Huko juu mpira hautii nguvu tupu, unataka utulivu.

Kisha someni kanuni zake za adhabu. Anayemsukuma au kumpiga mwenzake anahesabiwa kosa. Akirudia, anatoka mpaka bao linalofuata lifungwe. Akikusudia kuumiza, anatoka mchezo mzima na hakuna wa kuziba nafasi yake. Upande ukifanya makosa matatu mfululizo, wapinzani wanapewa bao. Hapo kila mchezaji amekuwa mlinzi wa hasira ya mwenzake, kwa kuwa hasira ya mmoja inalipwa na wote. Na waamuzi ni wawili: mmoja anawaamua watu, mwingine anauamua mpira. Mgawanyo huu nimeutafakari kwa miaka mingi. Katika vikao vingi vya usuluhishi nilivyohudhuria, kila mtu anautazama mpira, yaani ardhi, fidia, asilimia, na hakuna aliyepewa kazi ya kuwatazama watu.

Mimi mwenyewe nilijifunza kikapu katika shule ya bweni mkoani Shinyanga, kwenye uwanja wa moramu uliopigwa mistari kwa chokaa. Tulikuwa tunajipanga kwa makundi ya tulikotoka. Mwalimu wa michezo alituambia tusimame mstari mmoja, kisha tuhesabu moja, mbili, moja, mbili. Bila shaka waliosimama pamoja walikuwa marafiki, hivyo hesabu ile ilimtenganisha kila mmoja na rafiki aliyesimama kando yake, kwa dakika moja. Nikajikuta timu moja na kijana Msumbwa ambaye tulikuwa tumegombana bwenini. Nilimnyima pasi mpaka tukafungwa. Mechi iliyofuata nilimpa. Hakuna hotuba iliyotolewa.

Mtafiti makini atasema kisa cha shule si ushahidi. Basi tumsikilize Salma Mousa, aliyechapisha utafiti wake katika jarida la *Science* mwaka 2020. Nchini Iraq, baada ya vita dhidi ya ISIS, alizichukua timu za soka za Wakristo waliopoteza makazi. Kwa kura, baadhi zikaongezewa wachezaji Waislamu na nyingine Wakristo wenzao. Waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kujiandikisha katika timu ya mchanganyiko msimu uliofuata, na miezi sita baadaye walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya mazoezi na Waislamu. Lakini nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowajua, mwenendo wao haukubadilika sana. Matokeo haya yanamwangusha mwenzetu aliyesema mengine yatajipa, maana hayakujipa. Yananibana na mimi pia: timu moja haiponyi wilaya. Hata hivyo naendelea kuamini kwamba mpaka huvukwa na watu wanaofahamiana kwa majina, na kwamba kazi hiyo inataka miaka ya mazoezi, jambo ambalo bonanza la siku moja haliwezi.

Wapo watakaosema vijana wa Bugarama wanadai ardhi na ajira, na kikapu ni kiini macho. Wana haki ya kuhofu hivyo. Mpira haulipi fidia, na yeyote atakayeugawa badala ya fidia apingwe. Lakini hata fidia ikilipwa yote kesho, watu haohao watabaki majirani.

Waheshimiwa madiwani, namalizia kwenu. Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Kalamu mnayo. Andikeni kwamba hakuna timu ya vijana itakayopata fedha za mpango huo ikiwa orodha yake imetoka kijiji kimoja au kundi moja. Andikeni kwamba waamuzi wafundishwe kutoka pande zote. Andikeni miaka mitatu pale mlipozoea kuandika siku moja. Na wachezaji wakishafika uwanjani, kabla ya yeyote kugusa mpira, wahesabuni moja, mbili.