Wauguzi Wakunga wa Nachingwea na Ruangwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kusema machache juu ya kazi na mafundisho ya wauguzi wawasaidiao akina mama kujifungua. Huenda mtu akauliza, karani ana shauri gani na chumba cha uzazi? Tutamjibu kabla hatujaketi.

Kazi hii si ngeni pande zetu. Daktari Leader Stirling, aliyefika Tanganyika mwaka 1935, yeye na wenzake waliwafundisha Waafrika uuguzi huko Lulindi. Baadaye alihamia hospitali ya Mnero, Nachingwea, na mwishowe akawa Waziri wa Afya toka mwaka 1975 hata 1980. Daktari mmoja hawezi kuwapo kila kijijini. Mwuguzi aliyefundishwa aweza.

Mafundisho yenyewe si mchezo. Stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka 3, kisha sharti mtu asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga ndipo ashike kazi. Hujifunza kuusikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa, na kuandika mwendo wa uchungu katika chati, apate kutambua mapema uzazi uliokwama. Mtoto asiyevuta pumzi husaidiwa kwa mfuko na barakoa katika dakika ya kwanza. Na mara mtoto azaliwapo, mama hupigwa sindano ya oksitosini, ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Kwani kutoka damu nyingi huua upesi.

Faida yaonekana. Katika nchi nzima, hesabu ya mwaka 2015-16 ilionyesha ya kwamba watoto 63 katika 100 walizaliwa penye huduma za afya. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha 81. Vifo vya akina mama navyo vilishuka toka 556 hata 104 kwa kila vizazi hai 100,000.

Sasa jibu letu. Dawa ile yataka baridi, nyuzi 2 hata 8. Friji ikizimika, nguvu yake hupungua. Barua ya kuomba friji itengenezwe hupita mezani pa karani. Mwuguzi wa zahanati ya mbali kule Ruangwa, aliye zamu usiku na mchana, huomba nyumba, huomba mwenzake, huomba ruhusa ya kwenda masomoni; barua hizo pia zapita kwetu. Hati ya petroli ya gari la wagonjwa ni vivyo hivyo. Karatasi ikilala jaladani mwezi mzima, damu haingoji, wala hapana atakayeandika jina la karani katika habari za msiba.

Basi twawasihi, ndugu zetu, barua yoyote itokayo zahanati isikutwe na jua la pili juu ya meza zenu. Msaada huu hautaki fedha wala cheo. Wataka bidii tu.