Mwanga wa Sokoni: Soko la Nafaka la Leeds



Mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, lipo jengo la mawe lenye umbo la yai. Ni Soko la Nafaka, lililofunguliwa mwaka wa 1863. Lilisanifiwa na Cuthbert Brodrick, ambaye pia alisanifu ukumbi mkuu wa mji huo.

Siku hizo nafaka iliuzwa kwa macho na mkono. Muuzaji alileta sampuli; mnunuzi aliimimina kiganjani, akakagua rangi, unene na uchafu wake, kisha wakapatana bei. Mwanga mbaya ulimtia mmoja wao hasarani, maana jua kali humetesha punje na kivuli huficha ukungu. Ndiyo sababu Brodrick aliweka vioo vipana kwenye paa la kuba, upande wa kaskazini. Huko Uingereza jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo mwanga wa kaskazini ni mtulivu. Kuba hilo hubebwa na mbavu za chuma, bila nguzo katikati ya ukumbi, na ofisi za wafanyabiashara ziliuzunguka.

Biashara ya nafaka ilipofifia, jengo lilipoteza kazi yake. Halikubomolewa. Lilikarabatiwa, na leo lina maduka madogo madogo. Limo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria.

Jengo la kale likipewa kazi, hupata wa kulitunza. Kabla ya soko au ghala kuukuu kubomolewa, wakazi na waulize kwanza: linaweza kufanya kazi gani tena?